Sura ya Sita: Bunduki Isiyogoma

Ukiingia duka la silaha mjini Anchorage, Alaska, ukauliza bunduki ipi inafaa kujikinga na dubu, utajibiwa kwa namba. Mmoja atakutajia .44 Magnum, wa pili .45-70, wa tatu atakwambia kama si .375 usijisumbue kutoka nyumbani. Kila namba ina mashabiki wake, na kila shabiki ana kisa cha mjomba aliyeokoka. Namba hizo zote zinataja unene wa risasi. Hazisemi lolote juu ya kitu kinachomponza mtu kabla hata risasi haijatoka, nacho ni muda.

Dubu wa kahawia, ambaye Wamarekani wa bara humwita grizzly, hutimua mbio hadi kilomita 55 kwa saa. Ni kama mita 15 kila sekunde. Usain Bolt katika ubora wake hakufika 13. Kando ya mito ya samoni huko Alaska dubu huyo hupita kwenye vichaka vilivyosongamana, ambako mara nyingi macho hayafiki mita 30. Akichomoka kutoka umbali huo, una sekunde mbili. Katika hizo mbili inakubidi utambue ni nini, uamue kama anakutishia au amekusudia, uitoe silaha ilipo, ufungue kufuli la usalama, ulenge na ufyatue. Na mwenyewe si mdogo. Dume kubwa la kisiwa cha Kodiak hufikia kilo 680, uzito wa nyati dume wa Katavi, ila huyu ana kucha zenye urefu wa kidole.

Msomaji wa Dodoma au Kisumu anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana sisi dubu hatunaye. (Afrika ilikuwa na wake, dubu wa milima ya Atlas huko Moroko na Aljeria, akatoweka katika karne ya 19.) Lakini mji wa Missoula, Montana, ulio katikati ya nchi ya dubu, umekuwa ukipokea wakimbizi tangu 2016, na miongoni mwa waliotangulia kufika ni familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Msimu wa vuli ukiingia, dubu weusi hushuka milimani hadi kwenye mitofaa iliyo nyuma ya nyumba za mji huo. Mtu aliyekulia Kivu akijua namna ya kuishi na kiboko au nyani anajikuta na mnyama mpya, na majirani wapya ambao kila mmoja ana bastola ya kumpendekezea.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu upo. Mwaka 2012 Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, akiwa na wenzake akiwemo Stephen Herrero, mtaalamu wa Kanada aliyeanza kuchunguza mashambulizi ya dubu zamani sana, walichapisha uchambuzi wa visa 269 vya Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Katika visa vyote hivyo watu walikuwa na silaha ya moto walipokabiliana na dubu. Bastola zilifanikiwa katika asilimia 84 ya visa, bunduki ndefu asilimia 76. Anayesoma kwa haraka ataishia hapo na kwenda kununua bastola. Cha thamani zaidi kimo mbele kidogo, kwenye orodha ya sababu za silaha kushindwa. Iliyoongoza ni kukosa muda: zaidi ya robo ya visa vilivyoharibika. Ikafuata ya watu waliokuwa na silaha mkononi au begani wasiitumie kabisa. Ya tatu ni silaha iliyokwama, asilimia 14. Halafu dubu aliyekwisha kumkaribia mtu mno, risasi zilizokosa, bunduki iliyoishiwa risasi pasipo nafasi ya kujaza nyingine, kufuli la usalama lililomshinda mtu kulifungua kwa wakati, na hata watu waliojikwaa wakaanguka. Silaha iliyofyatuliwa ikashindwa kumzuia dubu ilishika mkia, kama asilimia moja.

Yaani ubishi wote wa pale dukani unahusu ile sababu ya mwisho.

Hii haina maana kwamba unene wa risasi ni upuuzi. Mwaka 1983 William Meehan na John Thilenius wa Idara ya Misitu ya Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa ajili ya wafanyakazi wa porini Alaska. Walifyatua kutoka yadi 15, karibu mita 14, umbali ambao dubu anayekuja anaumaliza kwa sekunde moja. Walipima risasi imezama kiasi gani, imebaki nzima au imevunjika, na ina nguvu gani inapofika. Waliokaa kileleni ni wageni kutoka kwetu, kwa namna ya kusema: .458 Winchester, ambayo askari wanyamapori wa Afrika Mashariki wameibeba miaka mingi kwa ajili ya tembo na nyati waharibifu, na .375 Holland & Holland, iliyotoka London mwaka 1912 na ambayo hadi leo utaikuta begani mwa mwindaji bingwa katika vitalu vya Selous. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni .30-06, risasi iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na bunduki ya kawaida kabisa ya wawindaji wa paa. Ikipewa kichwa kizito cha gramu 14, ilishindana vizuri na risasi zenye majina makubwa kuliko lake. Shotigani ya geji 12 yenye risasi moja nzito ilikaa nyuma ya bunduki hizo kubwa, na ikijazwa marisawa haikuwa ya kupendekezwa. Bastola zilikuwa chini kabisa, zikitanguliwa na .44 Magnum.

Kinachotafutwa hapo ni kuzama. Risasi za bastola zinazouzwa kwa ajili ya kujilinda na watu huwa na tundu puani. Zikigusa nyama zinachanua na kusimama, ili zisimtoboe jambazi zikampata mpita njia. Kwa dubu sifa hiyo inageuka kasoro. Kabla ya kufika penye uhai kuna manyoya, mafuta ya kuvumilia miezi ya baridi, msuli wa bega unaoweza kupindua jiwe la ukubwa wa meza, na mfupa. Inahitajika risasi ngumu, ya madini ya risasi yaliyochanganywa ili yasilainike au ya shaba tupu, yenye pua bapa, itakayokwenda moja kwa moja bila kuchanua. Mwaka 2016 kiongozi mmoja wa safari za uwindaji huko Alaska alimwua dubu wa kahawia aliyewavamia yeye na wageni wake kwa bastola ya milimita 9, silaha ambayo wauzaji wengi wangemcheka kwa kuibeba. Alikuwa ameijaza risasi ngumu za aina hiyo, na amekaa na dubu miaka mingi. Sisemi ukanunue ya milimita 9. Nasema aina ya risasi na mkono wa mwenye silaha vinaweza kufidia unene, ilhali unene haufidii mkono.

Na mkono huo unalenga wapi? Dubu anayekuja huja kichwa kikiwa chini. Ubongo wake ni mdogo na umekaa nyuma ya paji lililolala kwa mteremko, hivyo anayelenga juu ya macho hupitisha risasi kwenye ngozi na manyoya. Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya risasi zinazodunda kwenye fuvu. Wazoefu hulenga chini zaidi, usawa wa pua, au kifua akiwa ameinuka. Risasi ya moyo inaua, lakini dubu aliyepigwa moyo anaweza kuendelea kukimbia sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa ndizo zote ulizonazo. Kinachomsimamisha papo hapo ni ubongo, uti wa mgongo au bega lililovunjika.

Turudi kwenye ile asilimia 14, silaha zilizokwama, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi ana uwezo wa kufanya kitu mapema akiwa bado na akili yake timamu.

Jeshi la Denmark lina kikosi kidogo kiitwacho Sirius, kinachofanya doria kaskazini mashariki mwa Greenland kwa sleji za mbwa. Watu wawili wawili, miezi kwa miezi, baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na dubu weupe njia nzima. Denmark ni mwanachama wa NATO na haina shida ya kununua silaha mpya. Bunduki ambayo kikosi hicho kimeishikilia ni M1917 Enfield, ya .30-06, iliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni bunduki ya bolti: unaivuta kwa mkono, ganda linatoka, unaisukuma, risasi mpya inaingia. Haina gesi, haina springi nyingi za kuganda. Ina ukucha mpana wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini na hauiachii hadi ganda litupwe nje, kwa hiyo hata ukiikoki ukiwa umelala chali risasi haichomoki. Wawindaji wa nyati hupenda ukucha wa namna hiyo kwa sababu hiyohiyo. Kiunoni wanakikosi hao hubeba Glock 20 ya milimita 10, iliyochaguliwa kwa sababu bastola za kawaida za jeshi zilionekana haziwatoshi mbele ya dubu mweupe.

Kanada ilifanya vivyo hivyo kwa muda mrefu. Askari wa akiba wanaolinda kaskazini ya nchi hiyo, wengi wao wenyeji wa huko, walipewa Lee-Enfield ya .303 kuanzia 1947, ukoo uleule wa bunduki walizokwenda nazo Burma vijana wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Waliibeba kwa takriban miaka 70. Ilipobidi kubadilishwa, kwa kuwa vipuri vilikuwa vinakwisha, ikaja C19, nayo pia ni ya bolti. Jeshi linalomiliki bunduki za kila aina, likiulizwa ya kumpa mtu atakayekuwa peke yake na dubu kwenye barafu, limechagua ya bolti mara mbili mfululizo.

Lakini hata bunduki ya bolti hugoma, na mara nyingi mwenyewe ndiye aliyeifundisha kugoma. Mafuta ya kulainishia yakiwekwa kwa wingi huganda kwenye baridi kali na kuifanya pini ya kupigia isogee kivivu, risasi hailipuki. Watu wa kaskazini huyafuta yote au kuacha utando mwembamba wa mafuta ya baridi. Kosa jingine ni la huruma: mtu anaingia na bunduki ndani ya hema lenye jiko ili nayo "isipate baridi". Chuma baridi kikikutana na hewa ya moto hutoka jasho, maji yanaingia kwenye bolti, na asubuhi akitoka nje yanakuwa barafu. Bunduki hukaa kibarazani, kwenye baridi, na hapo ndipo inapopaswa kubaki. Mdomo wa mtutu huzibwa na utepe wa fundi umeme ili theluji na matope yasiingie. Ukifyatua, upepo unaoitangulia risasi unaupasua utepe bila madhara. Huko kusini mashariki mwa Alaska adui si barafu, ni mvua na chumvi ya bahari, kwa hiyo kitako cha plastiki na chuma kisichoshika kutu vina maana kuliko mbao nzuri ya kupendeza machoni.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo katikati ya bahari ya barafu. Huko mtu akitoka nje ya makazi sheria inamtaka awe na njia ya kumfukuza dubu mweupe, na gavana anashauri kubeba bunduki. Mjini Longyearbyen utaona watu wakipita na bunduki mgongoni, bolti zikiwa wazi kuonyesha kwamba ni tupu, na milangoni mwa maduka kuna alama ya kukataza kuingia nazo. Mwezi Agosti 2011 kundi la vijana wa Uingereza lilikuwa limepiga kambi kilomita kama 40 kutoka mjini. Walizungusha waya wa kengele. Dubu alipoupita haukulia. Alikuwa dubu mzee, mwembamba, mwenye meno mabovu. Alimwua kijana wa miaka 17 na kujeruhi watu wanne. Kiongozi alikuwa na bunduki ya ukoo wa Mauser 98. Alijaribu kufyatua mara nne, na mara nne risasi zikatoka nje zikaanguka chini zikiwa nzima. Akiwa tayari amejeruhiwa aliokota moja kati ya hizo, akaiingiza kwa mkono, akampiga dubu akafa.

Risasi ilikuwa nzima, na bunduki kama tulivyoona ilikuwa nzima. Kufuli la usalama la Mauser 98 lina nafasi tatu. Upande mmoja, bunduki inafyatuka. Upande wa pili, kila kitu kimefungwa. Katikati, kufuli linasimama wima: pini haipigi, lakini bolti inafunguka, ili mwenye bunduki aweze kutoa risasi kwa usalama. Mtu asiyelijua hilo kwa vidole, akiwa amechanganyikiwa, anaweza kuvuta bolti na kuisukuma mara tatu, mara nne, akizimwaga risasi zote chini na akiamini kabisa kwamba anapigana. Kufuli hilo lilizungumziwa sana katika uchunguzi uliofuata. Mtengenezaji alilibuni kwa busara kwa askari aliyeishi na bunduki yake usiku na mchana. Anayeikodi kwa wiki moja ni mtu mwingine kabisa, na ndiyo maana kwangu sifa ya kwanza ya bunduki ya mgeni ni kwamba mgeni huyo ameifyatua mara nyingi, kwa glavu mkononi, kabla hajatoka mjini.

Shotigani ya kuvuta kwa mkono, kama Remington 870 iliyotoka 1950 na kuuzwa kwa mamilioni, inasifiwa kwa jambo hilohilo. Ni rahisi kuieleza na ni bei nafuu, na risasi yake moja ina uzito wa gramu 28. Wengi wanaofanya kazi porini Alaska huibeba. Inao ugonjwa wake: mwenye woga huvuta nusu ya safari badala ya kuvuta mpaka mwisho, ganda linabaki ndani na risasi mpya inakwama juu yake. Pia inapiga teke la nguvu, na mtu aliyeumia bega mazoezini huacha mazoezi.

Bastola ina faida moja ambayo bunduki ndefu haitakuwa nayo kamwe: ipo mwilini. Mvuvi wa samoni katika mto Kenai ana fimbo mkono mmoja na wavu mkono wa pili, na suruali ya mpira inayomfika kifuani, kwa hiyo hata mkanda wa kiunoni haufikiki. Bunduki yake ameiegemeza kwenye mti ulio hatua kumi nyuma, na ni dhahiri nani ataifikia kwanza. Kwa sababu hiyo wavuvi wa Alaska wamezoea ala ya kifuani, bastola ikikaa chini ya titi la kushoto, mkono wa kulia ukiifikia hata mtu akiwa na begi mgongoni au ameanguka chali.

Hapo unakuja ubishi wa rivolva na bastola ya magazini. Rivolva ya .44 Magnum, iliyoanza kutengenezwa 1955, ina silinda yenye risasi sita na haihitaji kukokiwa. Ukiibana kwenye ubavu wa mnyama aliyekulalia bado inafyatuka, wakati bastola ya magazini ikisukumwa mdomo inaweza kurudi nyuma kidogo na kukataa. Lakini rivolva nyepesi zilizotengenezwa ili zisichoshe kubeba zina teke kali mno, na teke hilo linaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda hadi vikajitokeza mbele na kuizuia isizunguke. Kuna nyingine kubwa zaidi, .500 Smith & Wesson ya mwaka 2003, ambayo nadhani imeuzwa zaidi kwa wanaopenda kuionyesha kuliko wanaoweza kupiga nayo risasi ya pili. Glock ya milimita 10 ina risasi 15, teke linalovumilika na uzito mdogo. Inadai kushikwa kwa kifundo imara, la sivyo inaweza kukwama. Mimi ningempa mtu ile anayoweza kuitoa na kupiga nayo sahani mara tatu akiwa anahema. Jina lililoandikwa kwenye mtutu lingekuja baadaye.

Na iwe na risasi chembani, na iwe mwilini. Septemba 2018, katika milima ya Teton huko Wyoming, kiongozi mmoja wa uwindaji na mgeni wake walirudi kuchuna elk, paa mkubwa waliyemwua siku iliyotangulia. Bastola ya milimita 10 ya kiongozi iliwekwa kando pamoja na mizigo ili isimsumbue akifanya kazi. Dubu wawili walitoka msituni, jike na mwanawe. Mgeni aliifikia bastola lakini hakuweza kuifyatua. Ilielezwa baadaye kwamba chemba ilikuwa tupu. Akamrushia mwenzake, ikaangukia njiani. Kiongozi alikutwa amekufa. Kiunoni alikuwa na mkebe wa pilipili, na aliutumia, lakini kwa kuchelewa. Mzoga wa mnyama, samaki waliochunwa, taka za chakula: hapo ndipo dubu anapokuja kwa nia, na hapo ndipo watu huweka silaha chini ili wapate nafasi ya kufanya kazi kwa mikono miwili.

Nimeutaja mkebe wa pilipili, na sura ya silaha isiyouzungumzia ingekuwa ya uongo. Ulitokana na utafiti uliofanywa Montana katika miaka ya mwanzo ya 1980. Ndani yake mna ukali wa pilipili uliochujwa, wa kiwango cha asilimia moja hadi mbili, unaotoka kama wingu jekundu hadi mita saba au kumi. Smith, Herrero na wenzao waliuchambua mwaka 2008 kwa visa 83 vya Alaska: kwa dubu wa kahawia ulizuia tabia mbaya katika asilimia 92 ya visa, kwa dubu weusi asilimia 90, na kati ya watu waliokuwa nao walipokutana na dubu kwa karibu asilimia 98 hawakuumia. Mashabiki wa pilipili huziweka namba hizi kando ya zile 84 na 76 za silaha kama jedwali la ligi. Si haki. Baadhi ya visa vya pilipili vilihusu dubu wadadisi waliokuwa wakinusa kambi, wakati watu huinua bunduki mambo yakiwa yameshaharibika. Tena anayemtisha dubu kwa risasi moja hewani akaenda zake aghalabu haandiki ripoti.

Hata ukiondoa hesabu hiyo, mkebe unashinda kwa jambo dogo: haudai shabaha. Wingu ni pana, dubu analiingia mwenyewe, na mtu asiyewahi kushika silaha anajifunza kuutumia kwa mchana mmoja. Unashindwa na upepo mkali wa usoni, na baridi kali hupunguza msukumo wake. Usipulizie hema wala viatu ukidhani ni dawa ya kufukuzia. Masalia ya pilipili yakikauka chini huwavuta dubu wa kahawia, nao hujigaragaza juu yake kwa raha zao.

Sheria nayo inamchagulia mtu kabla hajachagua. Kanada haimruhusu mtalii kutembea na bastola kujikinga na dubu. Ni bunduki ndefu, kwa kibali, au pilipili. Sheria ya Marekani inamzuia mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au kushika silaha ya moto isipokuwa kwa masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Fairbanks asikubali kushikishwa bastola ya rafiki "kwa usalama tu". Na Alaska, ukimwua dubu kwa kujitetea, dubu si wako. Unatakiwa umchune, uikabidhi serikali ngozi pamoja na kucha zake na fuvu, na uandike ripoti ndani ya siku 15. Kama alivutwa na chakula ulichokiacha ovyo, utetezi wako haukubaliki.

Kwa anayeishi huko, anayefanya mazoezi na mwenye ruhusa, chaguo langu ni bunduki ya bolti ya .30-06 au .375 yenye risasi nzito, na kama kazi yake inadai mikono yote miwili, rivolva ya .44 au bastola ya milimita 10 kifuani, yenye risasi ngumu. Kwa wewe unayekwenda kusoma, kufanya kazi au kutembea, chukua mkebe wa pilipili, uufunge kwenye mkanda wa kifua, tembea na wenzako mkipiga kelele, na chakula kikae mbali na mahali mnapolala. Ndege haziruhusu mkebe huo hata kwenye mzigo wa chini, kwa hiyo ununue ukishafika, usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini yake, na umwombe muuzaji ule wa mazoezi usio na pilipili ujifunze kuuchomoa kabla hujaondoka hapo dukani.